Matangi ya majitaka katika gari-nyumba: kanuni za New Zealand na namna ya kuyasafisha

Kila kiangazi, kati ya Desemba na Februari, barabara za New Zealand hujaa magari-nyumba: magari yenye ukubwa wa basi dogo, ambayo ndani yake mna kitanda, jiko, sinki na choo. Miongoni mwa wanaoyakodi zimo familia za wazungumzaji wa Kiswahili wanaovuka Bahari ya Tasman kutoka Australia ili kuona milima na maziwa ya Kisiwa cha Kusini. Mambo mengi ya gari la namna hiyo hueleweka kwa dakika chache. Liko moja, hata hivyo, ambalo wengi huona haya kuliuliza wanapokabidhiwa ufunguo: uchafu wa chooni huenda wapi, na ni nani atakayeusafisha?

Jibu ni fupi. Uchafu huo hukaa ndani ya tangi lililo chini au ubavuni mwa gari, na wa kuusafisha ni msafiri mwenyewe. Kazi hiyo si ngumu, na ikifanywa kwa utaratibu haichukizi kama wengi wanavyodhani. Ikifanywa ovyo, gharama yake huanza na harufu ndani ya gari, huendelea na faini, na huweza kuishia katika maji ya kunywa ya watu wengine.

Sheria inasemaje

Mwaka 2011, muda mfupi kabla ya New Zealand kuwa mwenyeji wa Kombe la Dunia la Raga, Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria inayohusu kupiga kambi huru, yaani kulala katika ardhi ya umma nje ya kambi za kulipia. Sheria hiyo iliruhusu desturi hiyo ya miaka mingi, lakini ikazipa halmashauri uwezo wa kuizuia au kuiwekea masharti katika maeneo mahususi. Kadiri idadi ya wageni ilivyoongezeka, ndivyo malalamiko ya miji midogo yalivyozidi: karatasi za chooni vichakani, vinyesi kando ya maziwa, na maji ya kuoshea vyombo yakitiririka katika maegesho.

Mwaka 2023 sheria ikakazwa. Kwa kanuni ya jumla, gari linalolala katika ardhi iliyo chini ya halmashauri sasa hutakiwa liwe na cheti cha kujitosheleza, isipokuwa pale halmashauri yenyewe inapotenga eneo kwa ajili ya magari yasiyo na cheti. Kujitosheleza maana yake ni kwamba waliomo ndani wanaweza kuishi siku tatu bila kuchota maji wala kumwaga taka nje. Kipimo cha chini ni lita 12 za maji safi kwa kila mtu, tangi la majitaka ya sinki lenye ujazo kama huo kwa kila mtu, choo chenye nafasi ya angalau lita tatu kwa kila mtu, na pipa la takataka lenye kifuniko. Choo chenyewe lazima kiwe kimefungwa imara ndani ya gari. Kile cha kubeba mkononi, ambacho zamani kiliweza kukubalika, hakitoshi tena kupata cheti kipya.

Cheti hudumu miaka minne, na kibandiko chake kipya ni cha kijani. Kile cha utaratibu wa zamani kilikuwa cha buluu. Anayekiuka masharti hukabiliwa na faini ya papo hapo inayoanzia dola 400 za New Zealand, na makosa mazito zaidi hutozwa zaidi. Katika kambi za kulipia cheti hakihitajiki, lakini tangi ni lile lile na wajibu ni ule ule.

Uchafu wa aina mbili

Gari-nyumba hubeba maji ya namna tatu, na kosa la kwanza la wageni ni kuyachanganya. Tangi la kwanza ni la maji safi ya kunywa na kupikia. La pili hupokea maji yaliyotumika katika sinki na bafu. Wenye magari huyaita maji ya kijivu. La tatu ni la choo, na hilo ndilo huitwa tangi jeusi.

Magari makubwa huwa na tangi jeusi lisiloondoka, ambalo hufunguliwa kwa vali na kumwagwa kwa mpira mnene. Magari mengi ya kukodi nchini New Zealand hutumia mfumo mwingine: chini ya choo hukaa chombo cha plastiki chenye ujazo wa lita 20 au pungufu kidogo, kinachochomolewa kupitia mlango mdogo ubavuni mwa gari. Chombo hicho huitwa kaseti. Kikijaa, uzito wake hukaribia kilo 20, na aliyezoea kubeba ndoo ya maji kichwani ataukadiria uzito huo bila mizani. Kaseti nyingi za siku hizi zina magurudumu na mpini, hivyo hukokotwa kama sanduku la safari.

Taa ndogo karibu na choo huwaka kaseti inapokaribia kujaa. Familia ya watu wanne haipaswi kuingoja. Ni busara kumwaga kila siku moja au mbili, kwa sababu kaseti iliyofurika hadi shingoni humwagikia miguuni mwa yule anayeichomoa.

Kinachotokea ndani ya tangi

Aliyekulia karibu na choo cha shimo anajua jambo ambalo wasafiri wengi hulijifunza kwa taabu: majimaji yakinywea ardhini, kinachobaki hukauka na kuwa kigumu. Tangi la gari halinywei ardhini, lakini hupata ugonjwa huo huo kwa njia nyingine. Msafiri akifika kambini, akaunganisha mpira na bomba la majitaka, kisha akaiacha vali ya tangi jeusi wazi usiku na mchana, maji hutoka yote na kinyesi pamoja na karatasi hubaki nyuma. Siku baada ya siku, mlundikano huo husimama chini ya choo kama kichuguu. Kuuvunja baadaye ni kazi ya siku kadhaa, na mara nyingine huhitaji fundi mwenye mashine ya kusukuma maji kwa nguvu.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kuiacha vali imefungwa mpaka tangi lifikie theluthi mbili, kisha kuifungua mara moja. Maji mengi yanapotoka kwa pamoja hubeba vilivyomo na kwenda navyo. Kanuni ya pili ni kutolianzisha tangi likiwa kavu. Baada ya kila kumwaga hurudishiwa maji kidogo: lita mbili hivi kwa kaseti, na zaidi kwa tangi kubwa, kiasi cha kufunika sakafu yake yote. Kinyesi kikiangukia maji huanza kulainika. Kikiangukia plastiki kavu hushika.

Karatasi nayo ina neno lake. Zinazofaa ni zile laini zinazosambaratika upesi. Njia ya kuzipima ni rahisi: vipande viwili hutiwa katika chupa ya maji, chupa ikatikiswa, na karatasi ikavunjika vipande vidogo ndani ya dakika chache, inafaa. Vitambaa vyenye unyevu vya kupangusia watoto, pedi, pamba na nepi havifai kabisa, hata pale pakiti inapodai kwamba vinaweza kumwagwa chooni.

Familia nyingi za pwani na za Waislamu kwa jumla hujisafisha kwa maji badala ya karatasi, au kwa vyote viwili. Kwa tangi, desturi hiyo ni heri: karatasi hupungua na maji huongezeka. Lakini ina hesabu yake. Kopo moja la nusu lita kwa kila anayeingia chooni, katika familia ya watu watano, hugeuka kuwa lita 10 kwa siku kila mmoja akienda mara nne. Kiasi hicho ni nusu ya kaseti, na hutoka katika lile lile tangi la maji safi. Ufumbuzi si kuiacha desturi, bali kupanga safari ili kituo cha kumwagia kipatikane kila siku, na kutumia vyoo vya umma mchana wakati gari liko mjini.

Kumwaga: hatua kwa hatua

Vituo vya kumwagia majitaka hupatikana katika kambi nyingi za kulipia, katika baadhi ya vituo vya mafuta, na katika viwanja vilivyotengwa na halmashauri. Ramani zake hutolewa na halmashauri, na pia zimo katika programu za simu zinazotumiwa na wasafiri. Kituo cha kawaida kina shimo lenye kifuniko lililozungukwa na sakafu ya saruji, na bomba la maji ya kusuuzia. Bomba hilo si la kunywa. Panapokuwa na maji ya kunywa, huwekwa mbali kidogo na huwa na alama yake.

Mwenye kaseti huvaa glavu, huichomoa kaseti na kuikokota mpaka shimoni. Huigeuza shingo yake ya kumwagia ielekee nje kabla ya kufungua kifuniko. Anapomimina, hubonyeza kitufe kidogo cha kupitisha hewa. Asipokibonyeza, uchafu hutoka kwa mikupuo na kurusha matone. Baada ya kuimwaga yote, hutia lita tano hivi za maji ya kusuuzia, hufunga, huitikisa kwa nguvu kila upande, kisha humwaga tena. Hufanya hivyo mara mbili au tatu, mpaka maji yatoke bila rangi. Mdomo wa mpira wa bomba haugusi kamwe shingo ya kaseti, kwa kuwa atakayefuata ataushika mpira huo huo.

Mwenye tangi lisiloondoka hufuata mpangilio mwingine, na mpangilio huo una sababu. Kwanza huunganisha mpira kwenye gari, kisha hulaza mwisho wa pili ndani ya shimo na kuuwekea kizito usiruke. Hufungua tangi jeusi kwanza. Likiisha, hulitia maji ya kusuuzia na kulimwaga tena, kisha huifunga vali yake. Ndipo hufungua tangi la kijivu: maji yake ya sabuni hupita katika mpira ule ule na kuuosha. Akigeuza mpangilio huo, ataondoka na mpira mchafu. Vali zote mbili zikishafungwa, huufungua mpira upande wa gari kwanza na kuuinua polepole ili mabaki yateremkie shimoni.

Vali hizo hukaa chini ya gari, mara nyingi mahali penye tope. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa maneno yao huwa na maana yake ya moja kwa moja.

Kazi ya mwisho ndiyo inayosahaulika zaidi: kuosha sakafu ya kituo ili anayefuata aikute safi, kuvua glavu bila kuzigusa upande wa nje, na kunawa mikono kwa sabuni kwa sekunde 20. Maji safi hujazwa baada ya hapo, kwa mpira mwingine ambao haujawahi kukaa kabati moja na ule wa majitaka.

Kusafisha kwa kina

Kumwaga si kusafisha. Hata tangi linalomwagwa ipasavyo hujenga utando kutani mwake, na utando huo ndio chanzo cha harufu isiyokwisha na cha vipimo vinavyodanganya. Vihisi vingi vya tangi vimo kutani. Kipande cha karatasi kikivigandia, taa huonyesha kwamba tangi limejaa ilhali ni tupu. Wengi hudhani kihisi kimeharibika, kumbe ni kichafu.

Dawa ya utando ni maji mengi na muda. Tangi tupu hujazwa maji mpaka theluthi mbili, likatiwa sabuni kidogo ya kuoshea vyombo au dawa ya tangi yenye vimeng'enya, kisha gari likaendeshwa kwa saa moja au zaidi. Mikono ya barabara na vilima hulitikisa tangi na kufanya kazi ya brashi. Likiachwa hivyo usiku kucha na kumwagwa asubuhi, mengi yaliyoshika huondoka. Penye kichuguu, zoezi hilo hurudiwa mara kadhaa. Maji ya uvuguvugu husaidia. Maji yanayochemka hayafai, kwa maana huweza kupinda plastiki na kuharibu mipira ya kuzibia.

Upo ushauri maarufu wa kutia vipande vya barafu ili visugue tangi wakati gari linakwenda. Barafu huelea, kwa hiyo haigusi sakafu ambako uchafu umeshika, na huyeyuka kabla ya safari kwisha. Linalosaidia katika mbinu hiyo ni maji yanayotikisika, na hayo hayahitaji kugandishwa.

Tabaka la rangi ya kijivu au kahawia linalokwaruza kama chokaa hutokana na chumvi za mkojo. Asidi ya limau iliyoyeyushwa katika maji huilainisha. Mipira inayozunguka kifuniko cha ndani cha choo hupanguswa kwa kitambaa chenye maji na kupakwa mafuta ya silikoni; mafuta ya mgando yanayotokana na petroli huifanya mipira ya aina nyingi ivimbe na kupoteza umbo.

Harufu ikibaki baada ya yote hayo, sababu huwa mahali pengine. Chini ya sinki lipo bomba lililopindwa ambalo hushika maji kidogo ili kuzuia hewa ya tangi isipande. Gari likikaa wiki kadhaa bila kutumiwa, maji hayo hukauka na njia hufunguka; kikombe kimoja cha maji huifunga tena. Feni ya darini nayo huvuta hewa. Ikiwaka wakati kifuniko cha choo kimefunguliwa, huivuta hewa ya tangini na kuileta chumbani. Izimwe kwanza.

Tangi la kijivu na ukoko wa ugali

Wengi hulipuuza tangi la kijivu kwa kudhani kwamba maji ya vyombo ni masafi. Baada ya siku tatu za joto, harufu yake huweza kulishinda tangi jeusi. Sababu ni chakula na mafuta. Mafuta ya pilau au ya samaki wa kukaanga hupita katika sinki yakiwa moto, hupoa ndani ya tangi, hugandia kutani na kuoza. Ukoko wa ugali uliolowekwa hugeuka uji unaoshika katika vali na kuizuia isifunge sawasawa.

Tiba yake huanza kabla ya kuosha. Sufuria hukwanguliwa na kupanguswa kwa karatasi, na vyote viwili hutupwa katika pipa la takataka. Mafuta yaliyobaki humiminwa katika chupa. Kichujio kidogo huwekwa katika tundu la sinki. Mara moja kwa wiki, tangi hutiwa maji ya moto kiasi yenye sabuni, likaendeshwa, likamwagwa. Na maji ya kijivu, sawa na yale ya choo, humwagwa kituoni tu. Kuacha vali yake ikidondoka barabarani ni kosa.

Tahadhari ya dawa

Dawa nyingi za matangi zilizouzwa kwa miaka mingi zina formaldehaidi au kemikali nyingine zinazoua bakteria. Huondoa harufu kwa haraka, lakini shida yake huanza baada ya kumwagwa. Kambi nyingi za mashambani hutegemea mashimo ya majitaka ya kwao wenyewe, na miji mingi midogo ya New Zealand husafisha majitaka yake katika mabwawa ya wazi. Mifumo yote miwili hufanya kazi kwa bakteria. Magari machache yakimwaga dawa kali katika shimo dogo, bakteria hufa na shimo huacha kusafisha. Ndiyo maana kambi nyingi huwataka wageni watumie dawa zinazooza zenyewe, zenye vimeng'enya au bakteria rafiki.

Klorini ya kufulia ni hatari ya namna nyingine. Mkojo una viini vinavyotoa amonia, na klorini ikikutana na amonia hutoa gesi ya kloramini inayochoma macho na mapafu. Klorini ikikutana na asidi, kama siki au ile asidi ya limau, hutoa gesi ya klorini yenyewe. Katika chumba cha choo chenye upana wa mabega ya mtu mmoja, hakuna pa kuikimbilia. Tangi lenyewe pia huzalisha methani na ile gesi inayonuka mayai mabovu. Kwa hiyo sigara na moto wowote hukaa mbali na shimo la kumwagia.

Maji huenda wapi

Msafiri aliyechelewa, na kituo kiko kilomita 60 mbele, huweza kushawishika kumwaga katika mfereji wa barabarani. Wakazi wa Dar es Salaam wanalijua tendo hilo kwa jina lake: kutapisha choo. Hufanywa mvua inaponyesha ili mafuriko yachukue uchafu, na huacha kuhara na kipindupindu mitaani. Mfereji wa maji ya mvua nchini New Zealand, kama ulivyo wa kwingine, hauendi katika mtambo wa kusafisha. Kwa kawaida huenda moja kwa moja mtoni, ziwani au baharini.

Na ziwa la mbele ni kisima cha mtu. Mto Waikato, ulio mrefu kuliko yote nchini humo kwa kilomita 425, hutoka katika Ziwa Taupō, mahali panapopendwa sana na wenye magari-nyumba. Maji yake husafishwa na kunywewa na watu wa Hamilton, na sehemu ya maji ya jiji la Auckland hutoka humo humo.

Nchi hiyo imeonja uchungu wa uchafu kuingia katika maji. Agosti 2016, katika mji wa Havelock North wenye wakazi wapatao 14,000, mvua kubwa ilichukua kinyesi cha kondoo na kukifikisha katika maji ya ardhini yaliyolisha visima vya mji. Zaidi ya watu 5,000 waliugua kwa bakteria wa kampilobakta, na vifo kadhaa vilihusishwa na mlipuko huo. Septemba 2023, wakazi wa Queenstown waliamriwa kuchemsha maji baada ya watu kuugua kwa vimelea vya kriptosporidiamu, ambavyo klorini ya kawaida haviviui kirahisi. Mikasa hiyo haikuletwa na magari-nyumba. Inaonyesha tu jinsi njia ilivyo fupi kati ya kinyesi na bilauri.

Kwa Wamaori, jambo hili lina mizizi mirefu kuliko sheria yoyote ya Bunge. Desturi yao hutenganisha kabisa uchafu wa mwili na maji yanayotoa chakula. Majitaka yakiingia mtoni au baharini huyavunjia maji hayo uhai na heshima yake, hata kama maabara itasema ni salama. Mwaka 1983, Baraza la Waitangi lilitoa ripoti iliyounga mkono malalamiko ya watu wa Te Āti Awa wa Taranaki, ambao miamba yao ya kuvulia chakula cha baharini ilikuwa ikichafuliwa kwa majitaka ya mji na ya viwanda. Ripoti hiyo ni miongoni mwa zilizoifanya serikali izingatie haki za Wamaori juu ya mazingira. Msomaji aliyefundishwa tangu utotoni kwamba maji ya kutawadhia hayakutanishwi na najisi hatahitaji maelezo marefu ili kulielewa wazo hilo.

Kabla ya kurudisha gari

Kampuni za kukodisha kwa kawaida hutaka matangi yote mawili ya majitaka yarudishwe yakiwa matupu na kaseti ikiwa imesuuzwa, na nyingi hutoza ada asipofanya hivyo mkodishaji. Siku ya mwisho ni vyema ipangwe kwa kurudi nyuma: saa ya ndege, saa ya kurudisha gari, kisha nusu saa nzima kwa ajili ya kituo cha kumwagia. Asubuhi za mwisho wa wiki vituo vilivyo karibu na viwanja vya ndege huwa na foleni.

Anayechukua gari naye ana swali la kuuliza kabla ya kutia saini: je, matangi yamesuuzwa, na glavu, dawa na mpira wa majitaka viko wapi? Aombe aonyeshwe vali na namna kaseti inavyochomolewa, kwa macho yake, si kwa picha. Dakika tano za kuuliza bila haya mchana ni nafuu kuliko kuitafuta vali kwa tochi usiku, mvua ikinyesha na watoto wakingoja mlangoni.